Siku Walipombeba Barnabasi

Iko Jumapili moja ninayoikumbuka kuliko hata siku niliyooa. Ilikuwa miaka ya tisini, mvua zinaelekea kuisha, na uwanja wa mpira wa Kawajense, pale Mpanda mjini, ulikuwa umejaa watu kuliko nilivyowahi kuuona. Kaa vizuri mwanangu nikusimulie, maana wewe sasa una baiskeli ya gia na jezi yenye namba mgongoni, na watu wameanza kukuita jina lako ukipita barabarani. Mimi nami nimewahi kuitwa hivyo. Na mtu aliyenifundisha kazi ile aliitwa zaidi yangu.

Aliitwa Barnabasi. Alikulia kwenye makazi ya wakimbizi waliotoka Burundi. Alikuja nchi hii akiwa mtoto wa mgongoni, kwa hiyo Burundi yenyewe aliijua kwa kusimuliwa tu. Kabla ya kuwa mwanamichezo alikuwa anatoa samaki Karema, kule ziwani, anawaleta Mpanda kwa baiskeli ya Kichina, ile nzito ya chuma. Gunia la migebuka mikavu linafungwa kwenye keria kwa mpira wa tyubu, mtu anaingia porini na mbung'o wake, kwenye mchanga anasukuma, mlimani anasukuma, mtelemkoni anaomba Mungu breki zishike. Hakuna shule ya michezo inayotengeneza miguu kama ile kazi.

Bwana Kisesa ndiye aliyemtoa huko. Huyu alikuwa tajiri wetu, mwenye mashine za kukoboa mpunga na lori, na alipenda baiskeli kama wengine wanavyopenda mpira. Alinunua baiskeli za milimani zilizotumika, za gia, akaunda kikosi. Alitulisha, akatupangishia vyumba Kawajense, na mwisho wa mwezi alitupa posho yetu. Tulikuwa hatuna kazi nyingine. Kazi ilikuwa kuendesha.

Na mbio zenyewe, usifikirie za lami. Lami tulikuwa tunaisikia redioni. Tulipita njia za ng'ombe, mashamba ya mpunga yenye maji, makorongo, vijito visivyo na daraja. Ukifika mahali baiskeli haiendi, unaruka chini bila kusimama, unaitupia begani, unakimbia nayo kwenye tope mpaka ng'ambo, unaruka juu tena. Baadaye niliambiwa kwamba Ulaya mchezo huo una jina lake na watu wanautazama kwenye televisheni. Sisi tuliziita mbio za porini.

Mimi nilikuwa kijana wa Kisukuma, wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe wakifuata majani, tukajenga pembezoni mwa Misunkumilo. Barnabasi aliniona siku moja nikimfukuza ndama kwa baiskeli ya baba, akaniambia, "Wewe dogo, unaanguka vizuri. Njoo nikufundishe kutokuanguka." Tangu siku hiyo nilimwita kaka. Alinifundisha namna ya kushuka baiskeli ikiwa kwenye mwendo, namna ya kupumua mlimani, namna ya kula kabla njaa haijauma. Mke wake Anjelina alinipikia kama mdogo wa damu wa mume wake. Ugali wa mihogo na maharage, mwanangu, mpaka leo nikila nakumbuka kile chumba.

Sasa ikatoka habari kwamba kwenye mbio za kufunga msimu watakuja watu wa mchezo kutoka Mwanza, na mshindi atachukuliwa kwenda kambini huko, akifaa aingizwe timu ya taifa. Kwetu wote ilikuwa habari kubwa. Kwa Barnabasi ilikuwa zaidi ya hapo. Wakati ule watu wa makazi hawakuwa wamepewa uraia. Akitaka kutoka nje ya wilaya lazima aombe kibali, na kibali kina tarehe, na ikipita tarehe akikutwa stesheni anawekwa ndani. Bwana Kisesa ndiye aliyekuwa anahangaikia vibali hivyo kila tukisafiri. Barnabasi aliona aibu. Mtu mzima, bingwa, anaombewa ruhusa ya kupanda treni.

Aliniambia tukiwa tunaosha baiskeli, "Madu, nikivaa jezi ya taifa, nani ataniuliza kibali?"

Nikaendelea kusugua cheni. Nadhani hakutaka jibu.

Katikati ya wiki ile ya mwisho tulienda kujinoa kwenye vilima, njia ya Mwese. Kwenye mtelemko mmoja gurudumu lake la mbele likaingia kwenye mzizi, baiskeli ikasimama, yeye hakusimama. Ncha ya usukani, iliyokuwa imetoka mpira wake, ikamgonga hapa, chini ya mbavu za kushoto. Haikutoboa ngozi. Ilimkandamiza tu. Alilala pale chini anafungua mdomo kama samaki, kisha pumzi ikarudi, akacheka. Akasema, "Nimekatika pumzi tu." Tukarudi mjini tukiendesha taratibu.

Jioni bega la kushoto likaanza kumuuma. Nikashangaa, maana hakuangukia bega. Kesho yake Anjelina akamburuta zahanati na mimi nikaenda nao. Mganga wa pale, mama mmoja mpole wa Kifipa, alimlaza, akamgusa tumbo, Barnabasi akashika kitanda kwa mikono miwili. Yule mama akaacha kumgusa.

"Umeugua malaria mara nyingi?" akamuuliza.

"Nani huku hajaugua?"

"Bandama lako ni kubwa, na limepigwa. Hilo bega linalouma ni tumbo linalosema. Likichanika, damu inamwagika ndani, hutaiona. Nenda hospitali ukalale huko, wakuangalie. Na baiskeli usiiguse mpaka wakuambie."

Barnabasi akasema ahsante mama, akatoka. Nje akasema, "Jumatatu nitaenda."

Anjelina alilia pale pale barabarani. Mimi nikamwambia, "Kaka, niachie mbio hizi mimi. Wewe utakwenda mwakani." Akanitazama, si kwa hasira. Akaniambia, "Wewe una miaka mingi mbele yako, Madu. Na una nchi."

Bwana Kisesa alipouliza aliambiwa ni tumbo kidogo. Naye, kwa sababu alitaka kusikia hivyo, akasikia hivyo. Akamletea vidonge vya maumivu na maziwa, akamwambia apumzike vizuri kwa ajili ya Jumapili. Hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Nataka ulijue hilo, kwa sababu utakutana na watu wengi wa namna yake, nao watakupenda kweli.

Jumamosi Anjelina aliliondoa gurudumu la mbele la baiskeli akalipeleka kwa jirani, akamtuma mtu makazini kumwita baba mkwe. Mzee Zakaria akaja, mzee mwembamba mwenye kofia ya sufu hata kwenye jua. Aliongea na mwanawe kwa Kirundi muda mrefu, mimi niko mlangoni. Maneno mengi sikuyashika, ila nilisikia anavyomwita, "Mwana wanje, mwana wanje," yaani mwanangu, na sauti inavyoshuka. Mwisho Barnabasi akamjibu kwa Kiswahili, labda ili na sisi tusikie. "Baba, wewe umekaa miaka yote hii kwenye ile ardhi unaomba ruhusa hata ya kwenda sokoni. Mimi nimechoka kuomba. Niacheni siku moja tu."

Mzee akavua kofia, akaishika mapajani. Gurudumu jingine likatoka stoo kwa Bwana Kisesa asubuhi.

Tulianzia karibu na stesheni ya reli. Barnabasi alikuwa amekunywa vidonge vyake, na mwanzoni ungesema hana kitu. Tulitoka mjini kundi zima, tukaingia njia za Misunkumilo, wengine wakaanza kubaki. Tulipofika kijito cha kwanza akaitupia baiskeli begani kama kawaida yake, nikasikia sauti ikimtoka, sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Kijito kilichofuata akaibeba kwa mikono, mbele ya kifua, kama mtu aliyebeba mtoto. Jasho lake lilikuwa limekauka. Nikasogea ubavuni.

"Kaka, shuka. Uso wako umebadilika."

"Nishuke niende wapi?" akasema.

Ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu tukiwa njiani. Kisha akasimama juu ya pedeli kwenye kile kilima ambacho hakuna mtu aliyewahi kumfuata, akaniacha. Nilitaka kumfuata nimshike jezi, sikuweza. Hata akiwa anakufa, mwanangu, sikuweza kumfikia.

Nilipoingia Kawajense nilisikia uwanja kabla sijauona. Alikuwa amemaliza. Ngoma, filimbi, akina mama wanapiga vigelegele. Watu walikuwa wamemtoa kwenye baiskeli wamembeba juu, wanamrusha na kumdaka, wanamrusha na kumdaka, wanaimba jina lake. Nilivuka mstari nikamwona juu ya vichwa vya watu. Mikono yake ilikuwa haishiki kitu. Mdomo ulikuwa unasema neno, na kwa kuwa nilimjua nililisoma kabla sijalisikia.

"Niteremsheni."

Wakamrusha.

"Jamani, niteremsheni."

Wakacheka. Mmoja akapaza sauti, "Bingwa anaona haya!" Wakamrusha tena, juu zaidi.

Niliitupa baiskeli yangu nikaingia katikati yao. Nilikuwa napiga kelele, mshusheni, mshusheni, anaumwa. Walidhani nina wivu. Jamaa mmoja alinisukuma kifuani akasema, "Ulishindwa, kubali." Upande wa pili nilimwona Anjelina amevuta kitenge cha mtu, anapigana nao kwa mikono, wao wanamkumbatia wakimpongeza. Sijui tulichukua muda gani kumfikia. Mpaka leo nikiota, hatumfikii.

Walipomshusha, magoti hayakumshika. Rangi yake ilikuwa majivu, na tumbo limekaza kama ubao. Hapo ndipo uwanja uliponyamaza, kuanzia karibu yetu ukienda nje, mpaka ukabaki mpiga ngoma mmoja huko mwisho ambaye hakujua. Barnabasi alinitazama akasema, "Madu, nina kiu." Mtu akaleta maji. Anjelina alimlowesha midomo kwa kidole.

Bwana Kisesa aliendesha lori mwenyewe, anapiga honi njia nzima. Sisi tulikuwa nyuma, kichwa cha Barnabasi kwenye mapaja ya mke wake, juu ya magunia ya pumba. Kabla ya kufika getini hospitali mkono wake ukawa mzito mkononi mwangu. Daktari alitoka, akapanda kwenye lori, akamgusa shingo, akagusa tena upande wa pili, akavua miwani. Anjelina akasema, "Dokta, si umpige sindano kwanza?" Akalirudia neno hilo hilo, kwa upole, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau.

Tulimzika makazini. Watu wa mjini walikuja wengi, wengine walikuwa wale wale waliombeba. Bwana Kisesa alikaa chini kwenye vumbi na suti yake akalia mpaka akashikwa. Waliokuja kutoka Mwanza nao walisimama, wakasema maneno mazuri, kwamba marehemu alikufa akiwa mshindi. Watu wakaitikia kwa vichwa. Nadhani ni neno hilo lililomwinua Mzee Zakaria.

Alisimama kwa fimbo, kofia mkononi. Hakupaza sauti, ikabidi tusogee.

"Nyie vijana," alisema, "nisikilizeni, sina ugomvi na mtu. Huyu nilimbeba mgongoni tukikimbia nyumbani. Tulipotoka nilikuwa na mbuzi, nilikuwa na godoro, nilikuwa na jembe na sufuria na nguo. Njiani nikachoka, nikaacha mbuzi. Nikachoka tena, nikaacha godoro. Tulipofika mto Malagarasi nilikuwa nimeacha kila kitu, nikavuka maji na mtoto peke yake. Nilitupa vyote ili yeye afike. Sasa mnaniambia ameshinda. Ameshinda nini? Jana amejitupa yeye ili baiskeli ifike."

Akavaa kofia yake, akakaa.

Mwanangu, nimesikia mahubiri mengi tangu siku ile, ya padri na ya wachungaji na ya viongozi. Hilo ndilo lililokaa moyoni.

Nafasi ya Mwanza ikawa yangu, kwa sababu nilikuwa wa pili. Nilitaka kuikataa. Anjelina ndiye aliyeniambia niende. Alisema, "Usipokwenda atarudi?" Nikaenda. Niliendesha miaka kadhaa, Mwanza, Shinyanga, Tabora, na safari moja nilifika hadi Nairobi. Niliona milima ambayo Barnabasi angeipanda akipiga mluzi. Siwezi kusema sikufurahi. Nilifurahi, halafu nikikaa peke yangu furaha ile inakuwa kama nguo ya kuazima.

Halafu ikaja siku yangu. Ilikuwa Tabora, mbio kubwa, na nilikuwa mbele. Tangu asubuhi mwili ulikuwa unatetemeka, viungo vinauma, nikajiambia ni uchovu wa treni. Kwenye njia ya mchanga nikaanza kuona miti miwili mahali penye mmoja. Nilikuwa nimewaacha wenzangu mbali, na Bwana Kisesa alikuwa ananisubiri mwisho na jezi mpya mkononi. Nikajisikia nikisema moyoni, bado kidogo tu. Nikamkumbuka mzee na kofia yake. Nikashuka. Niliilaza baiskeli kwenye majani nikakaa kivulini, na mmoja baada ya mwingine wakanipita. Wengine waliniuliza kuna nini, wengine hawakuuliza.

Usidhani nilipigiwa makofi. Nilipoletwa uwanjani kwenye baiskeli ya mtu, watu walinizomea. Waliniita mwoga kwa Kiswahili na kwa Kinyamwezi. Hospitali walinikuta na malaria kali, nikalazwa, na Bwana Kisesa alikuja kunitazama mara moja akaweka machungwa mezani, akaondoka. Yeye naye alikuwa na kaburi lake kichwani, lakini mchezo ulikuwa haujamtoka. Msimu uliofuata baiskeli yangu alipewa mwingine. Hivyo ndivyo nilivyoacha kuwa mwanamichezo. Nikarudi Misunkumilo kulima mpunga na kuchunga, na jina langu likafa barabarani mapema kuliko nilivyotarajia.

Utaniuliza kama nilijuta. Nitakuwa mwongo nikisema sikuumia. Iko mizimu ya siku ile inayonijia hata leo nikiwa shambani, inaniambia ungemaliza tu, ulikuwa umebakiza kidogo. Pengine ni kweli. Pengine ningefika, nikapewa jezi, nikalala hospitali jioni na kupona hivyo hivyo. Sijui. Hakuna mtu atakayeniambia. Barnabasi alikuwa na mama wa zahanati aliyemwambia waziwazi, mimi sikuwa na mtu, nilikuwa na kutetemeka kwangu tu. Ukishuka, hutajua kamwe kama ilikuwa lazima. Aliyekataa kushuka ndiye aliyejua, na hakuna aliyefaidika na ujuzi wake.

Anjelina alirudi makazini kwa wakwe. Hakuolewa tena. Uraia ulipotoka, miaka mingi baadaye, alikuwa miongoni mwa waliopewa, naye akasimama kwenye mstari peke yake. Mzee Zakaria hakuufikia.

Kwa hiyo nasaha zangu ni hizi, na nazisema wazi usije ukasema mzee alizungumza kwa mafumbo. Mwili wako ukikuambia kitu, usiufiche kwa vidonge wala kwa ucheshi. Tafuta mtu anayejua, na akikuambia pumzika, pumzika siku hiyo, si Jumatatu. Anayekulipa akikuuliza hali yako, mwambie hali yako yote, hata asipotaka kuisikia. Msikilize anayelia kwa ajili yako kabla ya anayekushangilia, maana anayekushangilia ana wengine wengi wa kushangilia. Na kama una shida ya kweli moyoni, kama ile ya ndugu yangu, shida ya kutaka kuhesabiwa kuwa mtu, ujue kwamba hakuna mbio zinazotoa cheti hicho. Wewe ni mtu hata ukiwa umekaa kivulini na wote wanakupita.

Na siku utakayokuwa upande wa watazamaji, maana itafika, nakuomba jambo moja. Mtu akisema mniteremshe, mteremshe. Usicheke kwanza.

Nenda sasa mwanangu. Mungu akutangulie kwenye mitelemko, akupe pumzi ya kutosha na marafiki wenye masikio. Akupe kushinda ikiwa ni kheri kwako, na siku kushinda kusipokuwa kheri akupe ujasiri wa kuilaza baiskeli kwenye majani. Mama yako akuone ukirudi unatembea kwa miguu yako, uzeeke, uwe na meno machache kama mimi, na watoto wako wakuzike wewe, usizikwe na baba yako.